Hina ya Kwanza Haifai Kuwa Nyeusi

Michoro yenyewe haina dosari: koni hubanwa kwa mkono mwepesi, na maua hupanda kutoka kidoleni hadi kiwiko bila mstari kutetereka. Kosa huwa limeshafanyika kabla koni haijashikwa, pale inapofunguliwa paketi ya rangi ya nywele na kupewa jina la hina. Kila aliyekaa kwenye harusi za Garissa, au aliyepita soko la Suq Mugdi mkesha wa Idd, ameona unga huo mweusi ukikorogwa. Kumpaka bibi harusi ni vibaya. Kumpaka binti ambaye ngozi yake haijawahi kuguswa na rangi yoyote ni vibaya zaidi, na sababu ni ya kitaalamu, kama tutakavyoona. Chale ya sindano na wino imekatazwa kwa Waislamu, ambao ndio wengi huku Kaskazini Mashariki, kwa hiyo hina ndiyo nakshi pekee ambayo msichana wa hapa atawahi kuivaa mwilini. Anayemchagulia ya kwanza anamchagulia na zote zitakazofuata.

Tuanze na kilichomo. Majani ya mhina yana losoni, rangi inayoshikamana na protini ya ngozi polepole. Unga hukorogwa kwa ndimu, ukaachwa saa kadhaa ili rangi itoke, ukapakwa na kulaliwa usiku kucha. Asubuhi mkono huwa wa chungwa, na kadiri siku ya pili inavyosonga hukolea hadi wekundu wa kahawia. Hakuna jani la mhina linalotoa weusi wa makaa kwa saa moja. Weusi huo, ambao Pwani huitwa piko, kwa kawaida ni wa parafenilinidiamini, yaani PPD, kemikali iliyokusudiwa nywele. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa, na kwenye ngozi umeikataza kabisa. Huku kwetu kipimo ni jicho la mchoraji. Paketi nyingi za rangi za aina hii huagiza mtu ajaribu tone dogo saa 48 kabla ya kutumia, na agizo hilo ni la mtu anayepaka nywele tu. Ni nani aliyewahi kuona jaribio hilo likifanywa kwenye foleni ya Idd?

Kinachoniuma hasa ni kwamba madhara hujificha. Mara ya kwanza ngozi inaweza kutulia kabisa, na mama akaridhika, kumbe kinga ya mwili imeshamtambua adui. Binti akipakwa tena Idd inayofuata, malengelenge huota yakifuata ua lile lile, petali kwa petali, na yakipona huweza kuacha kovu au alama iliyopauka. Mzio huo kwa kawaida hauondoki. Akiwa mtu mzima hataweza kupaka nywele rangi hiyo, na huenda hata baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo zikamdhuru. Ndiyo maana “sisi sote tulipakwa na hatukudhurika” si hoja. Si kila mtu hupata mzio, lakini kila mpako ni nafasi nyingine ya kuupata, na anayeanza akiwa na miaka sita ana mipako mingi mbele yake.

Wapo wanaosema wekundu hauonekani kwenye ngozi nyeusi. Wanasema kweli juu ya mgongo wa mkono, ambako ngozi ni nyembamba na hushika rangi kidogo. Lakini kiganja na wayo vina tabaka nene, na hapo hina hukolea kuliko popote. Kina nyanya waliotwanga majani kwa kinu walilijua hilo, wakajaza viganja, wakachovya ncha za vidole, wakafunga mikono kwa kitambaa ili joto la mwili lifanye kazi. Wao walichagua mahali panapoifaa rangi. Leo tunachagua picha ya simu, kisha tunailazimisha ngozi kwa kemikali. Watazameni wazee wetu wenye ndevu nyekundu wakitoka msikitini. Hakuna anayesema rangi yao haionekani.

Hoja ya muda ndiyo dhaifu kuliko zote. Bibi harusi, wanasema, hana usiku mzima wa kukaa na mikono iliyofungwa. Basi tatizo ni ratiba, maana hina huhitaji siku mbili kukolea, na mikono iliyopakwa mkesha wa harusi isingefika kileleni hata kwa unga bora kuliko wote. Joto la Garissa nalo hukausha hina haraka ikapukutika mapema, na dawa yake ni ndimu yenye sukari, ipakwe juu kwa pamba kila inapoanza kupasuka. Harusi ikiwa Jumapili, hina ipakwe Ijumaa baada ya Isha, ikwanguliwe alfajiri bila maji, na maji yangoje hadi jioni ya Jumamosi.