Taa Ikizimwa, Nani Anaumia?

Hadithi zetu za mapenzi magazetini zina adabu ya ajabu. Wapenzi ambao hata hawajachumbiana "wanafanya tendo la ndoa" au "wanavunja amri ya sita", taa inazimwa, halafu tunaambiwa itaendelea wiki ijayo. Sina ugomvi na hilo. Tafsida ina utamu wake, na msomaji si mtoto.

Shida yangu inaanza pale msichana anapokataa. Mwandishi anashusha pazia lilelile: "akamharibu", "akamfanyia mchezo mbaya". Hebu lisome tena hilo neno. Aliyeharibika ni binti. Mwanaume katoka mzima. Ubakaji umegeuka kuwa aibu ya aliyebakwa.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilipigwa marufuku shuleni kwa kuyasema mambo waziwazi, ingawa baadaye ilikuja kufundishwa. Hadithi za "akamharibu" hazikumsumbua mtu. Tulizisoma chini ya dawati. Nami nilipoanza uandishi wa habari nililitumia neno hilohilo, nikidhani nina adabu.

Wapendanao tuwazimie taa, sawa. Lakini ubakaji, jamani, tuuite ubakaji.