Mapenzi Mezani, Jasho Jikoni: Upokezi wa Riwaya ya The Blue Bistro ya Elin Hilderbrand

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wasomaji walivyoipokea riwaya ya The Blue Bistro (2005) ya mwandishi Mmarekani Elin Hilderbrand. Inatetea hoja kwamba sifa ya "kitabu cha ufukweni" imewaziba macho wanaoisifu na wanaoibeza riwaya hii, wasione kwamba mapenzi yanayosimuliwa humo hayaelezeki bila kazi. Makala inahitimisha kwa kutaja funzo lake kwa utafiti wa fasihi pendwa ya Kiswahili.

Utangulizi

Nantucket ni kisiwa cha jimbo la Massachusetts kilichotajirika kwa uwindaji wa nyangumi. Ni katika kisiwa hicho ndipo Herman Melville alipoing'oa nanga merikebu ya riwaya yake ya Moby-Dick (1851). Siku hizi kisiwa kinaishi kwa wageni wa kiangazi. Hilderbrand, mkazi wa hapo, amekifanya kuwa mandhari ya takriban kazi zake zote tangu The Beach Club (2000).

Katika The Blue Bistro, Adrienne Dealey, msichana aliyezoea kuhama kutoka hoteli moja ya kitalii hadi nyingine, anawasili kisiwani akiwa hana fedha. Thatcher Smith, mmoja wa wamiliki wa mgahawa wa kifahari ulio ufukweni, anamwajiri kuwapokea wageni ingawa hajawahi kufanya kazi mgahawani. Huo ni msimu wa mwisho wa mgahawa. Jikoni yumo Fiona Kemp, mpishi mkuu aliye rafiki wa Thatcher tangu utotoni, asiyependa kuonekana. Baadaye msomaji hutambua kwamba Fiona ana ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu.

Aina tatu za upokezi

Hans Robert Jauss alifundisha kwamba msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wa matarajio aliojengewa na vitabu vilivyotangulia. Kwa riwaya ya kiangazi, upeo huo ni mwepesi kuutaja: bahari, vikwazo vya mapenzi, na mwisho wa kuridhisha. Maoni ya wasomaji yanaweza kupangwa kwa kipimo hicho.

Kundi la kwanza husifu chakula. Hao huvutiwa na maelezo ya vyakula, mvinyo na pilikapilika za usiku, na huiona riwaya kama likizo iliyotiwa ndani ya majalada. Kundi la pili huibeza kwa sababu hiyohiyo: kwao, kinachosomwa kwenye mchanga husahaulika pamoja na mchanga. Kundi la tatu hulalamikia mapenzi yenyewe. Huuliza vipi shujaa wa kike atarajiwe kumpenda mwanamume ambaye moyo wake umeshikwa na mwanamke mwingine, na kwa nini Adrienne avumilie kufichwa mengi kiasi hicho.

Kazi kama msingi wa mapenzi

Lalamiko la kundi la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa linagusa muundo wa riwaya. Ni kweli kwamba uhusiano wa Thatcher na Fiona una nguvu kuliko ule wa Thatcher na Adrienne. Hata hivyo, uhusiano huo umejengwa kwa kazi. Wawili hao wameanzisha mgahawa pamoja, mmoja akishika ukumbi na mwingine jiko, na kila sahani inayotoka ni ushahidi wa kuaminiana kwao. Adrienne haingii katika mapenzi ya watu wawili. Anaingia katika kazi ya watu wengi, na anapendwa kadiri anavyojifunza kuifanya. Msomaji anayemngojea mpinzani wa kike katika Fiona anatumia kipimo cha riwaya nyingine.

Kwa maana hiyo, hata maelezo ya chakula hayapo kwa ajili ya pambo tu. Yanapima muda. Mgahawa utafungwa na mpishi anaumwa. Kila usiku wa huduma unapunguza idadi ya siku zilizobaki. Utamu wa mezani una uchungu ndani yake, na hapo ndipo riwaya inapovuka upeo uliotarajiwa.

Kasoro isiyotajwa

Kwa upande mwingine, sifa haipaswi kuficha upungufu. Hadithi inatazamwa kutoka mlangoni, anaposimama Adrienne, na si kutoka kwenye sinki la kuoshea vyombo. Ukoo wa Subiaco unaoendesha jiko pamoja na Fiona unachorwa kwa upendo, lakini mara nyingi kama kundi lenye uchangamfu kuliko kama watu wenye hesabu zao za maisha. Uhaba wa makazi ya bei nafuu unawalemea mno wafanyakazi wa Nantucket, lakini katika riwaya haubebi uzito huo. Kufungwa kwa mgahawa kunaombolezwa kama kifo cha ndoto. Swali la wafanyakazi kukosa mshahara linabaki pembeni. Inashangaza kwamba upungufu huu hauzungumzwi sana hata na wanaoibeza riwaya. Waliokwisha kuamua kwamba kitabu ni chepesi hawaoni haja ya kukidai kitu kizito.

Hitimisho

Uhakiki wa Kiswahili unaufahamu mtego huu. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla na riwaya za Ben Mtobwa zilisomwa kwa hamu muda mrefu kabla ya wahakiki wengi kuzipa nafasi ya kutosha, kwa kisingizio kwamba ni burudani. Dharau ya namna hiyo ina gharama mbili: huwanyima wasomaji maelezo ya kile wanachokipenda, na huwaachia waandishi makosa yao bila kuulizwa.

Kwa watunga sera za vitabu na maktaba, inafuata kwamba fasihi pendwa ihifadhiwe, ifundishwe na ihakikiwe kwa vigezo kamili. Katika visiwa na miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako hoteli zimeajiri vijana wengi, riwaya ya mapenzi inayofuata wahudumu na wapishi hadi mwisho wa zamu yao inaweza kueleza mambo ambayo ripoti za utalii hazina namna ya kuyasema. Itakapoandikwa, isihukumiwe kwa jalada lake.