Msitu wa Mamba na Darasa la Bomet

Mwalimu mwenzangu, tulipokuwa tukifundisha Chozi la Heri, wengi wetu tuliridhika na hoja moja: uharibifu wa mazingira. Lakini Assumpta Matei anawapeleka Msitu wa Mamba watu waliokwisha kufurushwa kwao. Wanafyeka, wanalima, kisha wanaondolewa tena. Mkosaji ni nani hapo?

Hapa Bomet swali hili si la mtihani tu. Mwaka 2018 na 2019 familia ziliondolewa msitu wa Maasai Mau. Mau hiyohiyo ndiyo chimbuko la Mto Mara wanakokunywa nyumbu, na majani chai yetu yanategemea mvua yake. Mwanafunzi wangu mmoja alimtetea mfyekaji kwa hoja nzito. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na alama yake. Nilimpa.