Kitisho Juu ya Blanketi

Kazi ya blanketi ni kumpa mtu usingizi. Kazi ya picha ya kitisho ni kumnyima. Viwili hivi vikutanapo katika nguo moja, yafaa kuuliza kipi kimemshinda mwenziwe. Swali hili laletwa na mablanketi mepesi ya siku hizi, yachapwayo picha za ngano za kutisha za Ulaya: wachawi, mbwamwitu, na mauti yenyewe katika umbo la mtu.

Mfano bora wa sanaa hiyo ni Pesta, aliyechorwa na Theodor Kittelsen wa Norwei (1857–1914). Pesta ni kikongwe ambaye wakulima wa nchi ile walimsimulia kuwa ndiye tauni, iliyowafikia mwaka 1349. Alipokuja na reki, baadhi ya watu walipona. Alipokuja na ufagio, hakubaki mtu. Katika mchoro wa mwaka 1896 yuapanda ngazi ya nyumba, naye amewainulia macho watazamao. Hamna damu wala maiti. Kitisho chote kimo katika ngazi, kitu cha kila siku ambacho kila mwenye nyumba akijua.

Yawezekana kudhani kwamba picha kama hii haina mahali katika nguo ya kulalia. Dhana hiyo ina kasoro. Singida, ambako baridi ya Juni na Julai huja pamoja na upepo mkali, hadithi za zimwi zilisimuliwa usiku karibu na moto, na watoto wakazisikia wamejifunika. Joto ndilo lililowawezesha kustahimili hofu. Basi blanketi na kitisho ni majirani wa kale. Lakini hofu ile ilikuwa na mlinzi wake: msimulizi, aliyeifungua hadithi na kuifunga kabla watoto hawajalala. Kanga nayo, ijapokuwa haina msimulizi, ina jina lake lililoandikwa. Blanketi la Pesta halina sauti wala jina. Ajifunikaye asiyejua maana ya ufagio huona bibi kizee tu. Hapo pambo limekishinda kitisho.

Walakini liko jambo zito kuliko hilo. Kati ya mwaka 1946 na 1948 wilaya ya Singida ilipatwa na mauaji ya simba-watu, yaani watu waliosadikiwa kuua kwa umbo la simba. Serikali ya kikoloni iliwashtaki watu, na baadhi yao wakanyongwa. Habari hizo ziliandikwa mwaka 1950, na mwaka 1962 Harold Schneider akazipima upya. Je, simba-watu nao wafaa kuchapwa juu ya blanketi?

Kwa kipimo cha sanaa, wafaa: umbo lao lina nguvu isiyopungua ya Pesta. Kwa kipimo cha haki, bado. Kati ya tauni na kalamu ya Kittelsen ilipita miaka zaidi ya mia tano, na wafiwa wote walikwisha kupumzika. Singida wangalipo wazee walioyasikia mauaji yale kwa mama zao, na koo zijuazo ni nani hakurudi kutoka shambani. Kitisho hakiwi pambo mpaka kilio kiishe. Kabla ya hapo, nguo ichorwayo msiba wa mtu si blanketi kwake, ni sanda.