Tao la Zuoz na Kuta Zake

Wahakiki wa usanifu wanapomtaja Robert Maillart, mhandisi wa Uswisi (1872–1940), hukimbilia daraja lake la Salginatobel la mwaka 1930, ambalo tao lake la mita 90 lavuka korongo kwa hatua moja. Hatuwalaumu, ni kazi nzuri kabisa. Lakini twaona kwamba daraja lake la Zuoz, lililojengwa mwaka 1901 juu ya mto Inn, limenyimwa haki yake, na kwa kulipuuza wahakiki hao wanausifu uzuri wasioujua asili yake.

Kabla ya Zuoz, wajenzi wengi waliichukulia zege kama jiwe la kumimina: tao nene lilibeba kila kitu, na kuta na barabara zilikuwa mzigo tu juu ya mgongo wake. Maillart aliliunganisha tao, kuta za kando na sakafu ya barabara, vikawa sanduku moja lenye uvungu, vikabebana. Akalitia tao bawaba tatu, mbili miguuni na moja utosini, ili lipate kujongea kidogo joto na baridi vibadilikapo. Wakuu wa jimbo walitaka rai ya Wilhelm Ritter, aliyekuwa mwalimu wa Maillart huko Zürich. Naye akaikubali michoro ya mwanafunzi wake. (Si kila mwalimu angethubutu!)

Hata hivyo, kwa macho Zuoz ni zito. Kuta zake zimejaa kutoka utosini hadi kingoni, kana kwamba mjenzi aliona haya kuachana na sura ya madaraja ya mawe. Mwaka 1903 nyufa zilionekana katika kuta hizo, karibu na kingo. Mwingine angalizikandika akaenda zake. Maillart alizisoma, akatambua kwamba pale palipopasuka hapakuhitaji ukuta. Katika daraja la Tavanasa juu ya mto Rhine, mwaka 1905, aliziondoa sehemu hizo, na tao likajitokeza wazi, jembamba miguuni na utosini, limenenepa katikati ya sehemu hizo mbili. Maporomoko yalilibomoa Tavanasa mwaka 1927. Salginatobel ndilo lililorithi umbo lake.

Basi wasemao kwamba Maillart alilibuni umbo hilo ili lipendeze wameanza hadithi mwishoni. Wepesi wa Salginatobel ni ukuta uliofutwa. Na atakaye kuuona ukuta wenyewe, Zuoz lingali limesimama juu ya Inn.