Amri moja, nyuzi nne: ufundi wa sala kwa mtu mwenye kazi

Mwishoni mwa karne ya 19, Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walifungua misheni huko Gare, Lushoto. Desturi ya shirika lao iliwataka waamke usiku wa manane kuimba zaburi, warudi kusali mara saba mchana, na kazi ya mikono waifanye kimya. Kwa watawa wanaoishi ndani ya ua mmoja, hilo linawezekana. Misheni nayo ilidai kwenda vijijini, kufundisha watoto na kuongea na watu kutwa nzima. Mvutano huo haukuwa wa Gare peke yake, na mwaka 1909 Roma iliitenga Mariannhill na shirika la Watrapisti.

Naanza na habari hiyo kwa sababu Wakristo wengi wanaotamani kuzama katika sala hukwama papo hapo: wanaazima ratiba ya mtu mwingine. Mtu anajipangia saa nzima alfajiri. Wiki ya kwanza anaweza. Ya pili ng'ombe anazaa usiku, au lori la kabichi linachelewa kupakia, na ya tatu ameshaacha huku akijihesabu mchanga wa imani. Mara nyingi imani yake haina kasoro. Amekosa tu utaratibu unaolingana na kazi yake.

Kanuni ya Benedikto, ambayo Watrapisti wenyewe waliifuata, ilikwisha kuliona jambo hili tangu karne ya 6. Sura ya 50 inamwambia mtawa anayefanya kazi mbali na kanisa asali palepale alipo, saa ikifika, akipiga magoti. Sura ya 20 inataka sala iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu imvute mtu aendelee. Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, wenye mashamba ya kutunza, ni warithi wa kanuni hiyohiyo.

Walutheri nao wana njia yao, na hii ndiyo ninayotaka kuifungua zaidi. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na ndani ya mafundisho yao ilikuwamo Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Hadi leo mwanafunzi wa kipaimara hufundishwa Amri Kumi, Imani ya Mitume na Baba Yetu. Wakishabarikiwa, wengi huyaweka kando kama masomo ya shule. Luther hakuyaona hivyo. Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter, alimwomba amfundishe kusali, naye akamwandikia kitabu kidogo. Alimwonya kuhusu ile "ngoja kwanza nimalize hiki", akamkumbusha kwamba kinyozi asiyetuliza akili kwenye wembe atamkata mteja. Kisha akamwonyesha namna ya kusokota kila amri kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba na ombi.

Tuijaribu kwa amri ya kutoiba, na tumchukue mnunuzi wa viazi anayefungasha lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa na kukazwa kwa kamba. Fundisho: Mungu anataka mali ya jirani yangu iwe salama mikononi mwangu, hata pale mkulima asipokuwa na pa kuuza kwingine. Shukrani: nami nina vyangu ambavyo Mungu amevilinda, na wapo walionipimia kwa haki. Toba: kile kichwa cha gunia sikukilipia; kilikuwa viazi vya mtu, ada ya mtoto wake. Ombi: nipe moyo wa kununua kwa mizani, na riziki ya kutosha nisiogope hasara.

Mpangilio wenyewe una nguvu. Kusikiliza kunatangulia, kwa hiyo akili ina kitu cha kushika badala ya kutangatanga. Shukrani inakuja kabla ya toba, ndiyo maana mtu anaungama mbele ya Baba aliyekwisha kumtendea mema. Ombi linakuja mwisho, likiwa limekwisha kunyooshwa na yale matatu. Wengi wetu huanza na ombi na kuishia hapohapo. Toba nayo tunaipitia juu juu, "nisamehe dhambi zangu zote", bila kulitaja gunia. Kwangu mimi, kina cha sala hupimwa hapo kuliko kwa urefu wa mkesha.

Luther aliongeza jambo ambalo walimu wengi hulisahau: wazo moja likikushika katikati ya sala, acha mengine, nyamaza usikilize, kwa maana hapo Roho ndiye anayehubiri. Tena alionya mtu asijitwike mengi. Sehemu moja, hata nusu yake, yatosha kwa siku.

Basi, ndugu uliyepata kipaimara, usingoje mkesha wa mwisho wa mwezi. Leo usiku chukua amri ya kwanza, ipitishe kwenye nyuzi zote nne, kisha ulale. Ya pili iache hadi kesho.