Sistimu Chaji Isiyo na Miguu

Taa hii ya sola haihitaji utambulisho kwa mafundi wa Bukene. Ikiwekwa mezani, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, fundi ameshajua: sistimu chaji, yaani tundu la kuchomekea waya wa chaji, imeng'oka. Nimezifungua kadhaa. Kosa ni lilelile, na ni la mchoraji wa bodi, si la mtumiaji.

Alichopatia tumpe haki yake: vifaa vyote vimekaa upande mmoja, aina za rizista ni chache, na alama za kuiongoza mashine ya kupachika zipo. Kazi safi.

Tuje kwenye sistimu chaji. Amechagua ile ya kubandikwa juu tu, isiyo na miguu ya kupenya kwenye bodi. Kinachoishikilia ni pedi za shaba, na shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa maikroni 35, imegandishwa juu ya faiba. Kwa kapasita inatosha, kwa sababu hakuna mtu anayevuta kapasita. Sistimu chaji inavutwa kila siku. Mtu anachomeka waya gizani, mwingine anaukwaa mguuni, mtoto anauchomoa kwa kuupinda. Nguvu yote hiyo inaishia kwenye pedi. Lehemu yenyewe haiachii. Pedi ndiyo inayobanduka na kuondoka na njia yake, na hapo hata uwe na bloa nzuri namna gani, huna pa kulehemu. Unabaki kukwangua njia ya shaba, kuunga jampa, kisha kumimina gundi na kuomba ishike.

Sababu ya mchoraji naielewa: bodi ipite tanuri mara moja, pasiwe na hatua ya kulehemu kwa mkono, maana hatua hiyo ni mshahara na muda. Lakini geuza bodi hiyohiyo uangalie pembeni. Waya za betri na za paneli zimelehemiwa kwa mkono! Pasi ilikuwa imeshawaka, mtu alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Angeshindwaje kuongeza miguu minne? Hatua iliyosemekana kufutwa ipo palepale, na mnunuzi ndiye aliyebebeshwa hasara.

Na hata waya zile zisingekuwepo, njia inajulikana miaka mingi. Lehemu ya uji inapakwa juu ya matundu, miguu inazamishwa humo, bodi inaingia tanuri lilelile. Lehemu isiyo na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na kujaza tundu. Kinachotakiwa ni plastiki ya sistimu chaji ihimili joto hilo, na zinazohimili zinauzwa. Hakuna mashine mpya wala mtu wa ziada.

Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, walioweka misingi ya fani ya kubuni bidhaa ili ziwe rahisi kutengenezwa na kuunganishwa miaka ya 1980, wananukuliwa sana kwa jambo moja: punguza idadi ya vipande. Wanaowanukuu husahau kwamba hao hao walihoji pia kama kipande kinahitaji kutenganishwa ili vingine viweze kuunganishwa au kufunguliwa. Kufungua kulikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Ndiyo maana sitaacha kuilaumu ile gundi nyeusi inayomiminwa juu ya aisi, ambayo taa hii nayo inayo. Inapunguza gharama kiwandani, lakini aisi ikifa, bodi nzima ni ya kutupa.

Redio za National zilizounganishwa Dar es Salaam na Matsushita zilitoka kwenye mikono ya watu waliojua kitu kitaishi wapi. Transista zilikuwa na miguu mirefu, zimesimama wazi, na fundi alibadilisha moja kwa pasi ya kawaida. Nazo zilitengenezwa kwa wingi, ziuzwe kwa bei ya mkulima. Urahisi wa kiwandani na urahisi wa mezani vilikaa ndani ya boksi moja.

Wala tusitegemee vipimo vitutetee. Hadi 2020, vipimo vya Lighting Global, mpango wa kukagua ubora wa taa za sola, viliidondosha taa kutoka urefu wa mita moja. Ni kipimo kizuri, lakini taa nyingi zinazofika hapa hazikupitia huko.

Kwa hiyo ninyi mnaochukua mzigo wa jumla Nzega na Tabora, fungueni taa moja kabla ya kulipia katoni. Tazameni upande wa pili wa bodi, chini ya sistimu chaji. Kama hakuna miguu iliyotokeza na kulehemiwa, msiuchukue mzigo huo.